Umesahau Mchanga

Bogumiła aliandika kurasa mia nne
kabla hajagusa kibodi:
kila njia ya tramu ya Łódź, kila kituo, kila kengele.
Miaka mitatu, hatua juu ya hatua,
kama maporomoko: maji hayarudi mlimani.
Mfumo ulipokabidhiwa, njia moja ilikwisha kung'olewa,
nyasi zimeota penye reli.

Safari hii ameanza na tramu moja.
Anashinda karakanani, theluji mabegani,
anamuuliza Zdzich, fundi wa breki:
"Hii inajua nini?"
"Inajua uzito wake. Inajua kusimama."
"Inasimamaje?"
"Hilo si lako. Wewe iambie isimame."

Akacheka, akaandika ngeli: Tramu.
Siri ndani, mlango mmoja nje.
Kuukuu na mpya zote zarithi humo,
amri ni ile ile, *simama*,
ila moja hupiga yowe,
nyingine hushusha pumzi tu.

Ijumaa akamwonyesha. Zdzich akatikisa kichwa.
"Umesahau mchanga."
Mchanga?
"Reli zikiganda, tramu humwaga mchanga."

Akafuta mstari.
Ijumaa ijayo atakuja tena,
na kurasa mbili.