Jino Juu ya Bati

Jino la Suwedi lilibaki kwenye muwa,
asubuhi, uwani kwa bibi yake, Mtambwe.
Akalichomoa, akalitazama kama senti ya kuokota,
akarudi nyuma hatua tatu, akalirusha juu ya bati:
"Panya, hili bovu lako, lete zima langu!"
Tukalisikia likiviringika, ti, ti, ti,
hadi kwenye mfereji wa mvua. Kimya.

Mama akacheka, mdomo kauziba kwa upindo wa kanga.
Hivyo ndivyo anavyocheka tangu mie mdogo.
Nilidhani ni haya, adabu za watu wa zamani.
Kumbe ni pazia.

Usiku akanihesabia.
La kwanza lilikwenda na mimba ya Hafidhi:
kila mtoto na jino lake, wakunga walimwambia, ndiyo ada.
La pili lilikwenda na mimba yangu.
La tatu alilikuta ndani ya tonge la muhogo,
zima, jeupe, halina tundu hata la sindano.
"Hilo ndilo lililoniuma," akasema,
"maana halikuniuma."

Jino lenye tundu hupiga ukelele, mtaa mzima ukaamka.
Ufizi hauna kelele. Hurudi nyuma kidogo kidogo,
kama maji yanavyoiacha wazi mizizi ya mikoko.
Damu kwenye mswaki: ukatema, ukasahau.
Damu kwenye embe bichi: ukasema ni ukali wa embe.
Harufu ya alfajiri: ukaweka karafuu shavuni,
na Pemba nani wa kukosa karafuu?
Karafuu ikabembeleza. Haikutibu.

Mie pale palipotoa damu nilipakwepa,
miezi sita mswaki unapita mbali
kama mtu anayemkimbia mdai wake.
Wete, Raya Shaame, daktari wa meno, akanifumbua kinywa:
"Ndiyo maana pamevimba.
Ulipopakimbia ndipo pa kusafisha."
Akaubandua ukoga uliokwisha kuwa jiwe,
kama chaza kwenye shina,
mkono mwepesi, huku ananisimulia bei ya samaki.
Laza mswaki pale jino linapokutana na ufizi.
Zungusha, usikwangue; hilo si sufuria.
Pitisha uzi katikati, usiku, kabla ya kulala.
Mswaki wa mti nao si mbaya, utafune kwanza uwe laini.
"Na mwenye mimba aje, mwenye sukari aje,
wasingoje kuumwa."
Nikamwambia: si wasema dawa ya jino ni kung'oa?
"Waliosema," akanijibu, "walikuwa na koleo,
hawakuwa na mswaki."

Nikarudi na miswaki mitatu,
mmoja wa buluu, laini, wa mama.
"Mie yamebaki manane. Mswaki wa nini?"
Manane ndiyo saa ya mwizi, mama.
Nyumba hailindwi adhuhuri.
Akanyamaza. Kisha akauliza dawa yake ina ladha gani.

Sasa kila usiku tuko watatu kwenye pipa la maji,
Suwedi akihesabu hadi mia, akiruka sitini nzima,
povu likidondokea mizizi ya mpapai.
Mama huanza na yale ya nyuma, polepole,
kama anayefuta vikombe vya wageni,
vile vichache vilivyosalia kwenye seti.

Juzi mvua ilinyesha, mfereji ukalishusha jino ndooni.
Mama akalisuuza, akalifunga upinduni
pamoja na mia tano yake ya mkate.
"La huyu litaota jingine," akasema.
"Langu ningelirusha hadi Unguja, lisingerudi."
Akacheka.
Upindo ulikuwa na kazi nyingine.