Mia Moja Tisini na Tisa

Januari thelathini na moja, Erie, Pensilvania.
Theluji ya ziwani imeziba mlango wa duka la kufulia
nami niko juu yake, chumba cha kukodi,
mashine zikinguruma chini ya soli zangu,
nafunga hesabu za kamati yetu ndogo.
Kamati isiyolipa kodi, isiyo na kiti cha mgeni:
meza, bahasha, kopo la maziwa ya unga,
na mimi mweka hazina, kwa sababu siku ya kuchaguana
nilikwenda msalani; niliporudi, nilishachaguliwa.

Fomu haina makuu. Inauliza:
nani, anakaa wapi, anafanya kazi gani, kwa nani.
Lakini inamtaka tu aliyefikisha mia mbili kwa mwaka.
Walio chini ya hapo ni vumbi la sakafuni,
hufagiliwa kwenye mstari mmoja:
michango midogo, jumla.

Bwana Haverstock, mwenye nyumba nane mtaani kwetu,
alileta hundi mwezi wa Machi.
Mia moja tisini na tisa.
Mwandiko umelala kama paka aliyeshiba.
Alicheka, nami nikacheka;
mpokeaji hucheka kabla hajaelewa.
Dola moja tu aliibakiza,
ikamtosha kununua pazia.

Wabiwa anapanga katika moja ya zile nane
(bomba la jikoni linavuja tangu Pasaka).
Kila Ijumaa, akitoka kukunja mashuka ya hospitali,
hupanda ngazi na dola tatu,
siku nyingine mbili, na sarafu zenye joto la kiganja.
Mwaka mzima: mia moja thelathini na moja.
Usiku huu nikamwambia, Dada, wewe hulazimiki kuandikwa.
Nilidhani nampa habari njema.

Akavua kofia ya sufu, akaiweka juu ya fomu.

"Kambini niliandikwa miaka kumi na saba.
Unga: Wabiwa, kidole gumba.
Sabuni: Wabiwa, kidole gumba.
Chandarua, blanketi, kikombe cha mafuta, kidole, kidole,
mpaka wino ukawa ngozi.
Hakuna orodha ya wapokeaji isiyonijua.
Leo nimetoa,
unaniambia mimi ni jumla?"

Chini, mashine moja ilianza kukamua.

Nikasoma maelezo upya, yale ya herufi za kuumiza macho.
Hayakunilazimisha. Hayakunikataza.
Nikaandika: Wabiwa Asende. Mkunja mashuka. Hospitali.
Akanisahihisha namba ya nyumba.

Kisha nikamwaga risiti za Oktoba,
usiku tulipomnadi Doreen Paszkowski, bodi ya shule,
akahutubia dakika nne, tukauza sambusa masaa matatu.
Na pale, kwa mwandiko wa binti yangu wa darasa la tano:
Havastok, sambusa 2, kaomba pilipili. Dola 4.
Nami nimesomeshwa kanuni, sikuitunga:
ununuzi wa harambee nao ni mchango.
Mia moja tisini na tisa, na nne.
Nikajumlisha mara tatu,
mara ya tatu kwa raha zangu tu.

Bwana Haverstock, utanisamehe.
Una jina, una anuani,
kazi: kupangisha; mwajiri: wewe mwenyewe.
Nyama ya kusaga, kitunguu na giligilani
vimevuta kamba ya pazia.

Sijui nani atausoma ukurasa huu.
Labda karani mmoja na kahawa iliyopoa.
Labda hakuna.
Hata hivyo wamo, mmoja juu, mmoja chini,
na baina yao nafasi nyeupe
isiyotosha bomba kuvujia.

Wabiwa akainama, akasoma kwa midomo.
"Na hapa chini?"
Hapo ni sahihi yangu, mweka hazina.
"Pa kidole ni wapi?"
Hakuna.
Akakitazama kidole gumba chake, akakifuta kwenye koti
kana kwamba bado kina kitu.
"Haya," akasema, akavaa kofia.