Sanduku la Fundi Kai

Wete, nyuma ya soko, Fundi Kai
mchana alichonga vitanda vya harusi,
usiku mbao za mfenesi zilizobaki.
Sanduku lake lilikuwa na vitako viwili:
cha kwanza cha macho yenu,
cha pili cha mbavu zangu.

Akaja bwana wa mazingaombwe, kofia ndefu,
akalinunua kwa bei ya kitanda kibovu.
Ukumbi wa skuli ukafurika.
Msumeno ukapita. Mama mmoja akalia:
“Ole, mwana wa watu!”
Na mimi humo, nimekunjwa kama mkeka,
goti puani, nanusa gundi,
nahesabu.

Makofi yote yakaenda kwenye kofia.

Fundi Kai, safu ya mwisho, hakupiga.
Alikuwa akisikiliza bawaba.
Moja ililia, nyembamba, kama kipanya.
Asubuhi alinijia na mafuta ya nazi:
“Siri ikishika kutu,” alisema, “hupiga kelele.”

Jeneza la msikiti wetu pia ni kazi yake.
Juzi, tulipomlaza ndani,
nilipitisha mkono chini, nikagonga kwa kidole,
wenzangu wakidhani naomba dua.

Kitako kimoja.
Nikagonga tena.