Kwa Saini Yangu

Miaka kumi na tisa niliendesha kigari cha njano
kutoka Lannwenn hadi lami inapokatikia baharini.
Nilikijua kila kisanduku kilichopinda mlango,
kila mbwa na saa ya hasira zake,
nani huandikiwa na benki, nani na binti,
nani hungoja getini bila kutarajia chochote.
Hata nilipobeba msiba ndani ya bahasha, hawakunichukia.
Mjumbe hauawi.
Walinipa kahawa, mayai, siku moja sungura aliyechunwa,
amefungwa kwa gazeti la jana.

Kisha barua zikapungua. Zikabaki katoni za viatu
na matangazo ya maduka makubwa.
Na kijito cha chini ya daraja kikawa kinageuka rangi
kila Februari, mashamba yakishanyunyiziwa samadi,
na ufukweni mwani ukirundikana, kijani, mzito,
ukioza hadi harufu yake ikaingia kwenye mkate.

Nilikuwa na miaka arobaini na saba nilipoketi darasani
na vijana wenye shahada za baiolojia.
Kwa siri waliniita Stempu.
Nilijifunza nitrati kwa miligramu, sheria kwa vifungu,
jinsi ya kuielekeza chupa kule maji yanakotoka,
jinsi ya kuandika "nimeona," si "nadhani."
Hervé alinisikiliza jikoni nikikariri,
akauliza kama mshahara utapanda.
Ulishuka.

Niliapa mbele ya jaji mwenye mafua.
Dakika mbili. Wakanipa beji, buti, gari la kijivu.
Lile la njano akalirithi kijana mmoja wa Brest.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa bomba.
Halikuwa kwenye ramani yoyote, lakini nililijua:
nyuma ya banda la nguruwe la Goulven Le Saoût,
pale nilipozoea kuegesha nile tufaha langu la saa nne.
Miaka yote ile nilidhani ni bomba la mvua.

Hapana. Niandike kama nilivyoapa:
sikudhani kitu.
Nilikula tufaha, nikatazama pembeni.

Manyunyu. Nikachota chupa tatu,
nikaandika saa, nikazipiga lakiri.
Mkono ulitetemeka kwa baridi, na si kwa baridi tu.
Goulven akatoka na ovaroli yake,
akacheka alipoona ni mimi.
"Leo umeniletea nini?"

Swali lile ndilo lililokuwa salamu yetu.
Nami nilijibu: bili, au mapenzi.
Soazig wake nilimletea matokeo ya hospitali,
bahasha nyeupe yenye kidirisha;
nilisimama mlangoni mpaka akaketi.
Mwaka uliofuata nilisimama makaburini.

"Leo sikuleta, Goulven. Leo nachukua."

Akatazama chupa. Akatazama buti zangu.
Akasema bei ya nyama, akasema benki,
akasema mfereji ule alichimba baba yake kwa sururu,
kisha akanyamaza,
na fomu yangu haina mstari wa kuandikia kimya.

Barua ya faini ilitoka baada ya wiki sita.
Aliipeleka kijana wa Brest, ya kusainiwa.
Aliniambia mzee aliisoma wima,
akaikunja mara nne, akampa kahawa.
Haki yake: yeye ni mjumbe tu.
Jina lililo chini ya karatasi ni langu.

Aprili nikapima tena. Hamsini na tisa,
na kikomo ni hamsini. Bomba limezibwa,
lakini mabonde ya juu yana mabanda mengine,
na ya wengine nayajua kwa majina ya mbwa wao.
Kwa Le Saoût napita bila kupunga mkono;
sijui bado ni nani kati yetu alianza.

Tufaha la saa nne ningali nalila.
Ila sasa naegesha gari likitazama maji.