Noti Zipo

Langoni mwa chuo, hapa Khayega,
kibanda changu cha mabati kina mashine moja ya fotokopi
na kibao nilichokiandika kwa rangi iliyobaki ya mlango:
NOTI ZIPO.
Zilikuwepo miaka kumi na mitatu.

Noti za Daktari Imbayi, kurasa tisini na mbili,
ziliniletea noti za mfukoni.
Ukurasa wa arobaini una doa la chai.
Nimelinakili doa hilo hata wanafunzi wakalichora mtihanini
wakidhani ni ziwa,
na mmoja, naapa, alipewa alama.

Kisha Januari akarudi Bi. Apondi kutoka warsha ya Kisumu,
mkoba mwepesi, chaki moja.
Akawapeleka vijana Mto Yala na madebe,
wakapima tope, wakabishana, wakarudi na magoti mekundu.
Wakamuuliza jambo, akajibu: "Sijui. Tutafute."
Mhadhiri huyo!
Siku hiyo niliuza kalamu mbili tu.

Nikasema ni moto wa mabua.
Lakini Wanyama wa fotokopi kule Bungoma akanipigia:
"Kwenu noti zinatoka?"
Wiki ya pili, Chelule wa Kericho, sauti ya msiba.
Yule wa Nakuru, aliyekuwa na mashine mbili,
moja ameiuza.
Wengine watawahesabia vyuo vilivyobadilika;
mimi nilihesabu simu za watu wenye wino uliokauka.

Imbayi hakutikisika.
Mwaka mzima alisimama nyuma ya doa lake la chai,
akiimla, darasa likipungua kama sabuni.

Jumatano moja, mvua ikinyesha, akaingia kibandani.
Karatasi moja. Swali moja, kwa mkono wake.
"Nakala arobaini na tisa," akasema,
kisha, bila kunitazama, "usitafute ukurasa wa majibu. Haupo."
Shilingi tatu kila nakala.
Zidisha mwenyewe uone kama mtu atakula nyama.

Mashine ikinguruma, nikasoma:
*Aprili Mto Yala hugeuka mwekundu.
Udongo huo ulikuwa wa nani,
na ukifika ziwani ni wa nani?*

Mama alilima ukingo ule.
Kila masika shamba lilipungua hatua moja,
naye alisogeza ua, hakusema kitu.

Nilichapa hamsini.
Ya hamsini iko hapa, chini ya kikokotoo.
Nyuma yake nimeanza, kwa penseli,
na nimefuta mara mbili.