Mkasi Juu ya Kabati

Nyumbani kwetu Hombolo wiki ina mikia miwili.
Ijumaa, jua likigusa bwawa, mama anaosha mkasi wa zabibu,
anaufunga kwa kipande cha kanga, anauweka juu ya kabati.
Hautashuka mpaka kesho magharibi.
Baba yeye hungoja rimu la lori
linalogongwa Jumapili na Lechipya, mlinzi wa kanisa.

Nikiwa darasa la nne niliisaka siku ya saba kwa vidole:
Jumamosi, mosi. Jumapili, pili.
Ya saba ikaniangukia Ijumaa,
kwa jirani yetu Bi Zaituni, aliyekuwa akianika kanzu.
Mama akasema, "Majina hayo walihesabu wengine."
Baba akasema, "Kula ugali."

Baadaye nikasoma.
Hakuna aliyeamka asubuhi moja akaihamisha
kama kigoda kinavyofuata kivuli.
Wa kwanza walizishika zote mbili:
Sabato, kwa kuwa ndivyo walivyolelewa,
na alfajiri ya pili yake, kwa ajili ya kaburi tupu,
wakimega mkate mapema, maana ilikuwa siku ya kazi
na bwana mwenye mtumwa haelewi habari za ufufuo.
Kisha wengine wakaona haya kufanana na Wayahudi.
Kisha mfalme wa Rumi, aliyekuwa bado na jua moyoni,
akatia muhuri: mahakimu wapumzike, mafundi wapumzike,
miji itulie katika siku tukufu ya jua.

Ila mkulima.
Mkulima na apande, asije akapitwa na saa njema
ya nafaka na ya mizabibu.

Mizabibu!
Nilikisoma kifungu hicho mara tatu, nimesimama kati ya mistari yetu,
nzi wakinizonga, matunda yakipasuka kwa mvua ya Machi.
Sikuwaambia. Ningemwambia nani kwanza?

Jumamosi iliyopita wingu lilitanda mapema.
Mama alikuwa kanisani kwao, Biblia na kitambaa cheupe.
Nikamkuta baba shambani, peke yake, kreti ya tatu,
anavunja vikonyo kwa kucha,
vidole vyeusi kwa maji ya zabibu, kidole gumba kinatoka damu.
Nikamuuliza kwa nini hakuchukua mkasi.
"Umepumzika," akasema,
akanisogezea kreti.