Bisibisi Sikioni

Baba hakuwahi kununua redio.
Alikuwa na bisibisi ndefu ya mpini wa mbao:
ncha kwenye injini, mpini sikioni,
jicho moja kalifumba kama anayelenga ndege kwa manati,
kisha anatamka: Pampu.
Au: Pistoni ya nne.
Au ananyamaza, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya.

Miaka thelathini na mmoja, karakana ya stesheni ya Moshi.
Dizeli ilimfuata hadi kwenye tonge la ugali.
Shati jeupe la kwaya alikuwa nalo moja,
likikaa kwenye mfuko wa nailoni, limepigwa fundo,
kama dawa isiyotakiwa kuguswa na watoto.

Mama alianika nguo kwa ratiba ya treni.
Ya saa kumi na mbili ikishapita kwenda Arusha
anahesabu hadi mia mbili, masizi yatue
juu ya migomba ya Njoro, juu ya bati,
juu ya mbuzi wa Mama Aikande
aliyezaliwa mweupe na hakuna aliyekumbuka.
Ndipo anatoa mashuka.

Basi zikaja nguzo.
Zikasimama kuanzia Rundugai, moja moja,
kila moja imenyoosha mkono
kama mwanafunzi anayejua jibu.
Zikafuata nyaya. Mbayuwayu walizikagua kabla ya wahandisi.
Mdogo wangu Ndekirwa akauliza mezani
nani atakuwa ananunua luku ya treni,
na yuniti zikiisha juu ya daraja la Kikuletwa
nani atashuka kuomba kwa jirani.
Baba alicheka hadi akakohoa,
akakohoa hadi akaacha kucheka.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alisema
leo Moshi imeachana na moshi.
Watu wakashangilia. Baba alipiga makofi mawili,
mkono wa tatu akautia mfukoni.
Treni ikaingia bila kujitangaza,
kama mgeni anayevua viatu mlangoni.
Mbuzi wa Mama Aikande ilibidi aburutwe kutoka relini:
hakuna aliyemfundisha kuogopa kisichonguruma.

Ile ya zamani waliisukuma njia ya tatu, nyuma ya ghala la kahawa.
Nilitaka Baba aende kuiaga.
Nilishajiandaa kwa machozi yake, kitambaa kabisa.
Akasema, Lile jitu lilikula mafuta na kunidanganya.
Liacheni lilale.

Alilotaka ni kupanda hili jipya.
Tulikaa behewa la pili. Nje mashamba ya mahindi yalipita kimya,
na kwa mara ya kwanza nikiwa safarini nikasikia
mtoto wa nyuma akimenya yai.
Baba alitafuta pa kuweka kiganja apime homa.
Hapakuwa na bomba, hapakuwa na joto, hapakuwa na harufu ya kuuliza.
Kijana mhandisi, Godlisten, akamwonyesha kompyuta:
Mzee, siku hizi inajieleza yenyewe.
Baba akaitikia kwa adabu, kama anavyomwitikia mchungaji,
akachomoa bisibisi kotini.

Akapiga goti katikati ya njia.
Ncha sakafuni, mpini sikioni, jicho moja limefumbwa.
Watu wakakunja miguu.
Mama mmoja mwenye ndoo ya parachichi
alidhani anasali, naye akainamisha kichwa.
Tukapita Usa River hivyo hivyo, behewa zima,
wengine wakisubiri amina.

Gurudumu la nyuma, kulia, akasema akijipangusa goti. Beringi.
Godlisten akatazama kioo chake: kijani, juu mpaka chini.
Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyefaulu mitihani.
Lakini tulipokuwa tunashuka Arusha nilimwona
akiandika kitu kiganjani, kwa kalamu ya wino.

Nyumbani, saa kumi na mbili,
Mama bado anahesabu hadi mia mbili
na beseni la mashuka miguuni pake.
Umeme, anasema, nao una siku zake.